Kukulia mtandaoni si kuujua mtandao: somo kwa kijana mwenye laini yake ya kwanza

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya mwezi Machi 2007. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo alitimiza miaka 18 Machi 2025, umri wa kwenda kuchukua kitambulisho. Hajawahi kuishi katika Kenya ambayo pesa hazitumwi kwa simu. Alipokuwa na miaka miwili, mwaka 2009, nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa. Alijua kutafuta katuni kwenye simu ya mama kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Ukimwambia kijana kama huyu kwamba leo tuna somo la kutumia simu, atacheka. Na kusema kweli, kwa upande wa vidole hatuna la kumfundisha. Anaandika ujumbe bila kuangalia skrini, na mzee wa nyumba akikwama kwenye menyu, yeye ndiye anayeitwa.

Lakini sisi tunaoshughulika na malipo ya simu kila siku tunajua kwamba anayepiga simu akilia kuwa ametapeliwa sio nyanya wa kijijini peke yake. Ni kijana pia, tena yule mjanja wa simu. Ndio maana leo tunataka kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana: kuizoea simu na kuielewa. Tafuta kalamu, karatasi na kama nusu saa hivi. Soma huku simu ikiwa mkononi, kwa sababu kuna vitu utajaribu papo hapo.

Mama na binti yake

Hebu tuanze na kisa. Ni cha mfano tu, hatumsemi mteja wetu yeyote, ila kila kitu kilichomo hutokea.

Kuna msichana wa miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Mama yake anauza nafaka na mboga sokoni. Jumamosi moja asubuhi msichana ako kwenye matatu, anachati na wenzake, mara ujumbe unaingia: amepokea shilingi 4,500. Hata dakika haijaisha, simu inaita. Ni mwanamume mwenye sauti ya upole. "Dada yangu, pole kwa kukusumbua. Nimekosea namba moja tu. Hizo pesa ni za dawa ya mtoto, niko hapa duka la dawa wananingoja. Nisaidie unirudishie, tafadhali."

Msichana ana roho nzuri. Kwenye simu ana shilingi 6,200, mchango wake wa kodi ya chumba anachokaa na wenzake wawili. Anafungua menyu, anaandika namba, anaweka PIN, anatuma 4,500. Sekunde 15 hazikupita. Kisha anaangalia salio. Imebaki elfu moja mia sita na kitu. Hakuna pesa iliyokuwa imeingia. Ule ujumbe wa kwanza ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, umeandikwa kwa mkono ukaigwa mtindo wa ujumbe wa kweli.

Sasa mwangalie mama yake, siku hiyo hiyo, sokoni. Mteja amechukua gunia la maharagwe, anamwonyesha simu. "Mama, nimeshatuma, si unaona?" Mama anamjibu, "Naona yako, mwanangu. Ngoja nione yangu." Anapangusa mikono kwa leso, anatoa kabambe yake, anasoma ujumbe hadi nukta ya mwisho, halafu anaangalia salio. Ndipo anamwachilia mzigo.

Huyu mama hajui TikTok. Akipewa simu ya binti yake anaweza kuifunga asijue kuifungua tena. Lakini kuhusu pesa kwenye simu, yeye ndiye aliyesoma kuliko binti yake. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja aliijua simu kwa njia yake. Binti aliijua kama mahali pa mchezo, na huko mchezoni anayeenda mbio ndiye anayeshinda: penda, tuma, ruka, kubali, endelea. Mama aliijua kama kijisanduku cha pesa, na kila kosa alilipa kwa jasho lake. Mazoea ya mchezo yakiingia kwenye sanduku la pesa, hapo ndipo wakora wanapata mlango.

Na kisa hakijaisha. Msichana alikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Nyumbani yeye ndiye mtaalamu wa simu, angeanzia wapi? Hatimaye alipopiga simu huduma kwa wateja, aliulizwa jina na namba ya kitambulisho cha mwenye laini. Akataja zake, zikakataa. Laini hiyo alinunuliwa akiwa Fomu Wani, ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mama, na haikubadilishwa. Kwa hivyo ilibidi mama aambiwe, tena aambiwe haraka, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala zamani.

Mafunzo yafuatayo yanatoka kwenye kisa hiki.

Funzo la 1: Jua laini yako ni ya nani

Piga *106#. Hiyo ni njia ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, usinyamaze. Nenda kwa mtoa huduma wa laini hiyo ukiwa na kitambulisho uombe iondolewe, kwa maana lolote litakalofanywa nayo litaanza kutafutwa kwa jina lako. Na kama laini unayotumia kila siku haipo kwenye orodha, basi kuna mtu mwingine ambaye ndiye mwenyewe kisheria: mama, mjomba, kaka mkubwa, au pengine yule aliyekuuzia laini barabarani ikiwa imeshasajiliwa.

Tukiwa chini ya miaka 18 wengi wetu tulisajiliwa hivyo, na si vibaya. Ubaya ni kufika miaka 20 ukiwa bado hapo. Siku unapotapeliwa, unapopoteza simu au unaposahau PIN, anayetambuliwa ni mwenye kitambulisho. Basi ukishapata kitambulisho chako, nenda na huyo mzazi kwa mtoa huduma mbadilishe usajili. Msiliweke hadi siku ya dharura.

Sasa chukua ile karatasi. Andika namba zote za simu ulizowahi kutumia tangu utotoni. Kando ya kila namba andika akaunti zilizofunguliwa nayo: barua pepe, Facebook, WhatsApp, akaunti ya benki, mkopo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Kama barua pepe yako bado inatuma namba za uthibitisho kwenye laini uliyoitupa ukiwa Fomu Tuu, huenda leo zinasomwa na mtu usiyemjua. Ingia kwenye kila akaunti uondoe namba ya zamani, uweke ya sasa.

Funzo la 2: PIN na OTP ni kazi mbili tofauti

PIN ni sahihi yako. Ukiiweka, umekubali jambo lifanyike. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, iwe ni zawadi, mshahara, pesa za HELB au mchango wa harusi. Mtu akikwambia uweke PIN ili pesa ziingie, anakudanganya, na hapo hakuna haja ya kumsikiliza zaidi.

Kile kidirisha kinachojitokeza chenyewe kwenye skrini kikiomba PIN unapolipa dukani ni jambo halali, lakini kina mambo matatu ya kusoma kabla ya kugusa namba yoyote: nani analipwa, ni kiasi gani, na je, ni wewe uliyeanzisha malipo hayo sasa hivi? Kama umekaa tu nyumbani na kidirisha kimejitokeza, kifunge.

OTP ni kitu kingine. Ni zile tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe unapoingia kwenye akaunti. Mfumo unataka kujua kama anayeingia ndiye aliyeshika simu yako. Ukimsomea mtu tarakimu hizo, ni kama umempa simu mkononi kwa dakika moja, na dakika moja inamtosha. Hivi ndivyo WhatsApp za watu huchukuliwa: rafiki anakuandikia kwamba ametuma namba fulani kwako kwa makosa, umsaidie uitume. Huyo si rafiki yako. Ni mtu aliyekwisha kumwibia rafiki yako akaunti, na sasa amefika zamu yako. Kesho yake marafiki zako ndio watakaoombwa pesa kwa jina lako.

Kinga ipo. Kwenye WhatsApp fungua mipangilio, ingia sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, chagua PIN ya tarakimu 6. Kuanzia hapo, hata akipata OTP hawezi kuingia bila PIN hiyo. Fanya sasa kabla hujaendelea kusoma.

Halafu kuna laini yenyewe kuibiwa. Tapeli hukusanya habari zako kidogo kidogo: namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba unazopigia mara kwa mara. Akishazipata, anajifanya wewe na kuomba laini ihamishiwe kwenye kadi mpya iliyo mkononi mwake. Dalili ya kwanza kwako ni simu kupoteza mtandao ghafla huku wenzako mlioketi nao wana mtandao. Wengi huzima simu na kuiwasha, wakasema ni shida ya mitambo, wakalala. Usilale. Azima simu ya jirani, piga kwa mtoa huduma, ulizia kama laini yako imehamishwa.

Na PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa. Uliuweka kwenye Facebook siku ulipofungua akaunti, na kila mwaka watu wanakupongeza hapo hapo ukutani.

Funzo la 3: Soma kama mama wa sokoni

Ujumbe wa pesa una vitu vya kukagua: umetoka wapi, unataja jina gani, kiasi gani, na salio jipya ni ngapi. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma na hukaa pamoja na ujumbe wa awali wa huduma hiyo. Ule wa wakora mara nyingi huja kutoka namba ya simu ya kawaida. Lakini usitegemee jina peke yake, kwa sababu hata jina la mtumaji linaweza kuigwa. Jambo ambalo haliigwi kwenye simu yako ni salio uliloliangalia wewe mwenyewe kupitia menyu. Ujumbe ni habari tu. Hesabu yako ni salio.

Je, kama pesa zimeingia kweli na mtu anasema amekosea? Usimrudishie kwa mkono wako. Ukimtumia, naye akawa amepeleka ombi la kurudishiwa, pesa zitatoka mara mbili. Mwambie kwa heshima apeleke ombi kwa mtoa huduma wake, nawe usizitumie hizo pesa. Si zako, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inasema kuzuia kwa makusudi malipo yaliyokufikia kimakosa ni kosa.

Linki nazo zina namna yake ya kusomwa. Watu wengi husoma mwanzo wa linki, wakiona jina wanalolijua wanabonyeza. Mwenye tovuti hajulikani kwa mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha urudi nyuma kushoto. Tuseme duka lako lina tovuti dukaletu.co.ke. Ukitumiwa dukaletu.co.ke/ofa, hilo ni duka lako. Ukitumiwa dukaletu.co.ke.zawadi-leo.com/ofa, mwenye tovuti ni zawadi-leo.com, jina la duka limebandikwa mbele kama kibandiko cha matatu. Jizoeze na linki tatu zilizo kwenye magrupu yako ya WhatsApp leo jioni. Usizibonyeze, zisome tu.

Na ukikuta ujumbe wowote unaokuharakisha, "dakika 10 zimebaki", "akaunti yako itafungwa leo", "wewe ni mshindi wa mwisho", chukulia hiyo haraka yenyewe kama dalili. Sisi kama kampuni ya malipo hatupungukiwi na kitu ukisema utapiga simu mwenyewe baadaye. Tapeli ndiye anayepungukiwa.

Funzo la 4: Programu inaomba nini, na mkopo unakula ngapi

Unapopakua programu, huuliza: niruhusu nione majina kwenye simu, ujumbe, picha, mahali ulipo. Kijana aliyekulia kwenye simu hubonyeza "ruhusu" kama anayefukuza nzi. Hebu jiulize swali moja tu kila mara: kazi ya programu hii inahitaji kitu hicho? Ramani inahitaji kujua mahali ulipo. Tochi haihitaji majina ya shangazi zako.

Hili liliwaumiza watu wengi kwenye programu za mikopo. Mtu anakopa elfu mbili, anachelewa siku tatu, na mwalimu wake, bosi wake, hata mama mkwe wanapokea ujumbe wa kumtangaza kuwa hataki kulipa deni. Majina hayo yalitoka kwenye simu yake, kwa ruhusa aliyoitoa bila kusoma. Sheria ilibadilika: mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa ili wanaokopesha kidijitali wapate leseni, na kanuni zake zikatoka 2022. Mwaka 2023 duka la programu la Google nalo likakataza programu za mikopo ya kibinafsi kuchukua majina na picha kwenye simu za watu. Lakini programu uliyotumiwa kwa linki ukaiweka mwenyewe, nje ya duka, haiko chini ya katazo hilo. Kabla ya kukopa, angalia jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Kama hayupo, achana naye.

Sasa hesabu. Tuseme unakopa shilingi 1,000 na kulipa 1,150 baada ya wiki mbili. Unasema, ah, 150 ni nauli tu. Lakini ukilipa na kukopa tena, ukalipa na kukopa tena, mwaka una wiki mbili kama hizo mara 26. Mara 26 kwa 150 ni shilingi 3,900. Umelipa karibu elfu nne kwa kutumia ile elfu moja moja, na mwisho wa mwaka bado hauna elfu moja yako.

Deni usilolipa linaweza kupelekwa CRB, na rekodi hiyo mbaya inaweza kukaa miaka 5 hata baada ya kulilipa. Kijana wa miaka 19 anayekimbia deni dogo atalikuta linamngoja akiwa na miaka 25, anapotaka mkopo wa kununua pikipiki ya kazi. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Iombe hata kama hujawahi kukopa, ujue tu kama kuna aliyekopa kwa jina lako.

Funzo la 5: Utoto wako umeandikwa mahali

Walioanza simu wakiwa wakubwa walichagua wenyewe cha kuweka mtandaoni. Wewe uliyekulia humo, mambo yako mengine yaliwekwa kabla hujaulizwa. Picha ya siku ya kuzaliwa, jina la shule kwenye sweta, karatasi ya matokeo yenye jina kamili na namba ya mtihani, barua ya kujiunga na chuo, hata picha ya kitambulisho siku ulipokichukua kwa furaha. Kila moja peke yake haina neno. Zikiunganishwa, ndizo habari ambazo mtu anahitaji ili ajifanye wewe.

Jitafute. Andika jina lako kamili kwenye mtambo wa kutafutia, kisha namba yako ya simu. Pitia picha zako za zamani kwenye mitandao, futa zinazoonyesha kitambulisho, barua au karatasi yoyote yenye namba. Kama zimewekwa na jamaa, mwombe kwa adabu. "Shangazi, naomba ile picha ya kitambulisho changu uitoe, kuna wakora siku hizi." Hatakasirika.

Kama zimewekwa na kampuni au shule, una zaidi ya ombi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data zako zinatumiwaje, kuziona, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kutaka zifutwe zikiwa za uongo au za kupotosha. Data za mtoto hazifai kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi. Na sheria hii inauma: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini kwa watu watatu tofauti kabisa. Shule moja ilikuwa imeweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mahali pamoja pa burudani paliweka picha ya mteja bila ruhusa yake. Na kampuni moja ya mikopo ilitumia namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ukiwasilisha malamishi kwa ofisi hiyo, sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Kwa hivyo usiseme "ah, mtandao ni mtandao, kitafutwa vipi?" Anza kwa kuwaandikia wenyewe, uweke nakala ya barua, na wakinyamaza upeleke malalamiko yako mbele.

Funzo la 6: Sema mapema

Tukirudi kwa yule msichana, pesa zake zilipotea kwa sekunde 15, lakini nafasi ya kuzipata ilipotea kwa siku mbili za kunyamaza. Ombi la kusimamisha au kurudisha pesa lina maana wakati bado ziko kwenye akaunti ya aliyezipokea. Zikishatolewa kwa wakala, kazi imekuwa ya polisi, na ni ndefu.

Basi ukigundua umetapeliwa, mpangilio ni huu. Kwanza, piga simu kwa mtoa huduma papo hapo kupitia namba rasmi unayoijua, sio ile uliyotumiwa kwa ujumbe. Pili, badilisha PIN kama uliitaja au uliiweka mahali unapopatilia shaka. Tatu, piga picha ya skrini ya ujumbe na namba zote. Usifute kitu kwa hasira. Nne, andikisha kwenye kituo cha polisi upewe namba ya OB. Tano, waambie watu wa nyumbani na marafiki, kwa sababu ukitapeliwa wewe, namba zao ndizo zinazofuata.

Hilo la tano ndilo gumu. Kijana anaona aibu kwa sababu yeye ndiye "anajua simu". Mzazi naye, akiambiwa, anaanza kwa kusema, "Na wewe na masomo yako yote!" Wazazi mnaotusoma, tunawaomba mlimeze neno hilo. Mtoto akijua atachekwa, mara ya pili hatasema, na mara ya pili inaweza kuwa karo.

Zoezi la Jumapili jioni

Baada ya chakula, kaeni watu wawili, mkubwa na mdogo, kila mtu na simu yake. Fanyeni mambo haya:

1. Kila mmoja apige *106#, mkague laini pamoja.
2. Kila mmoja abadilishe PIN, mwingine akiwa ameangalia pembeni. Wengi wetu tulijua PIN ya mama kabla ya kujua mwaka aliozaliwa. Alitupa tukiwa watoto ili tumsaidie. Sasa tumrudishie siri yake.
3. Mdogo amwashie mkubwa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na amweleze kila hatua badala ya kumnyang'anya simu na kumrudishia.
4. Mkubwa amwonyeshe mdogo jinsi anavyokagua malipo akiwa kazini: anasoma nini, anaangalia nini, anasubiri nini kabla ya kuachilia mzigo.
5. Fungueni orodha ya programu kwenye simu ya mdogo. Kila programu ambayo haijatumika kwa miezi mitatu, iondoke. Zinazobaki, mkague ruhusa zake.
6. Andikeni kwenye karatasi namba rasmi za watoa huduma wenu, muibandike ndani ya mlango wa kabati. Simu ikiibiwa, namba zilizo ndani ya simu hazitakusaidia.

Yule msichana na mama yake, kwa mfano wetu, wangemaliza zoezi hili kabla chai haijapoa. Mama angejua linki ya uongo inavyosomwa. Binti angejua kusema, hata kwa mtu mwenye sauti ya upole na mtoto mgonjwa, maneno yale yale ya sokoni: "Ngoja nione yangu."